Hakuna rekodi ya mwaka 1600, sasa mwalimu wetu anajuaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naimba alto katika kwaya ndogo ya watu 16, wanne kila sauti. Mwalimu wetu mpya anasema kuanzia sasa nyimbo za watunzi wa zamani, Palestrina, Byrd na Bach, tutaziimba kama zilivyoimbwa enzi zile. Kwa maelezo yake ni hivi: hakuna kutetemesha sauti hata kidogo, kila wimbo tuushushe semitoni moja (hatua ndogo kabisa ya kinanda) kwa sababu noti ya A ya zamani ilikuwa hezi 415, yaani mitetemo 415 kwa sekunde, Kilatini tubadili matamshi, na sisi wanawake tuimbe kama watoto wa kiume. Nusu ya kwaya imefurahi, nusu imenuna, mimi niko katikati. Hakuna rekodi ya mwaka 1600, sasa yeye anajuaje? Na kama yuko sahihi, tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Mwalimu wenu ana kisu kizuri, ila amekishika kwenye makali. Kati ya maagizo yake manne, la Kilatini namuunga mkono. La kutetemesha sauti nalikubali nusu. La 415 ni sahihi kwa muziki fulani na ni kosa kwa mwingine, na la wanawake kuimba kama wavulana ningelirudisha lilikotoka. Jambo ambalo mimi ningeanza nalo yeye hakuligusa kabisa, nalo ni namna mnavyopatana mkisimama wote kwenye chodi moja, yaani noti kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja. Nitafika huko na nitakaa huko, maana ndiko kwenye utamu.

Kwanza hilo la "anajuaje". Ni swali halali, na kila anayefanya kazi hii anapaswa kuulizwa mara kwa mara. Hakuna aliye hai aliyesikia. Tulicho nacho ni karatasi, mabomba ya ogani na malalamiko. Karatasi ni vitabu vya walimu wa uimbaji, orodha za malipo, na nakala zenyewe walizoshika waimbaji. Mabomba ya ogani ya zamani, yale ambayo fundi wa baadaye hakuyakata, bado yanatoa sauti ileile, na ukiyapima unajua A ya mji ule ilikuwa wapi. Ila mimi napenda zaidi malalamiko. Mtu akiandika kitabu kukemea jambo, jua jambo hilo lilikuwa likifanyika kila Jumapili.

Mwaka 1474 msomi mmoja wa Ujerumani, Conrad von Zabern, alichapisha kijitabu kuhusu kuimba vizuri, na humo akawachana waimbaji wa kanisani. Wanaimbia puani, alisema. Neno likivutwa kwa noti nyingi wanachomeka "h" pasipo na h. Wakipanda juu wanapiga kelele. Yeye alitaka noti za chini ziimbwe kwa sauti iliyojaa, za katikati kwa wastani, za juu kwa wepesi. Hebu yasome maneno hayo siku mojawapo ukiwa umekaa karibu na soprano zenu. Miaka zaidi ya 500 imepita na "Ale-he-he-lu-hu-ya" bado tunayo.

Orodha za malipo nazo zinasema mengi. Mwaka 1754 Messiah ya Handel iliimbwa London kwenye Foundling Hospital, kituo cha kulelea watoto walioachwa, na hesabu za siku ile zimebaki: ukiwatoa waimbaji wa sehemu za mtu mmoja mmoja, kwaya ilikuwa ya watu karibu 20 tu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1784, kazi ileile iliimbwa na kupigwa Westminster Abbey na watu zaidi ya 500, na kufikia 1859 palikuwa na waimbaji zaidi ya 2,000 kwenye jumba moja. Kwa hiyo anayekuambia Messiah "imetungwa kwa kwaya kubwa" anakupa habari za wajukuu wa waliomsikia Handel.

Na Bach je? Tarehe 23 Agosti 1730 aliwaandikia madiwani wa Leipzig kulalamika kwamba hana watu wa kutosha. Kila kwaya, alisema, iwe na angalau waimbaji watatu kila sauti, ili mmoja akiugua bado wimbo wa kwaya mbili uweze kuimbika, na ingekuwa bora zaidi kama wangekuwa wanne kila sauti. Wanne mara nne. Hiyo ndiyo kwaya yenu, dada, kama ilivyo. Mwaka 1981 mwanamuziki na msomi Joshua Rifkin alizua zogo kwa kusema kwamba hao 16 walikuwa akiba ya kuchagulia tu, na kwamba kwa kawaida Bach aliimbisha mtu mmoja kila sauti; hoja yake kubwa ni kwamba nakala za waimbaji zilizobaki mara nyingi ni moja tu kwa kila sauti. Wengine wakajibu kwamba watu watatu wanaweza kuangalia karatasi moja. Wanabishana hadi leo, na mimi nikisikiliza rekodi huwa upande wa Rifkin, ila nikisimama mbele ya kwaya yenye watu waliokuja kuimba nahamia upande mwingine.

Sasa mtetemo wa sauti, yaani vibrato. Mwalimu wenu akisema "hata kidogo" amezidisha. Mtunzi wa Ujerumani Michael Praetorius, kwenye kitabu chake kikubwa cha muziki kilichotoka mwaka 1619, anapotaja sifa za mwimbaji anataka sauti nzuri yenye mtetemo, kisha anaweka sharti kwamba iwe kwa kiasi. Leopold Mozart, kwenye kitabu cha violini cha mwaka 1756, anawacheka wapigaji wanaotetemesha kila noti kana kwamba wana homa isiyopona. Na mwanawe, yule mtunzi maarufu Mozart, katika barua aliyomwandikia baba huyohuyo mwaka 1778, anamsema mwimbaji mmoja mwenye tabia hiyo, akieleza kwamba sauti ya binadamu hutetema yenyewe na hapo ni tamu, lakini ukiisukuma inakwenda kinyume na maumbile. Ukiwaweka watatu hawa meza moja unapata picha. Mtetemo ulikuwepo, ulikuwa mdogo, na anayeuzidisha alichekwa.

Ile sauti nzito ya opera tunayoifikiria leo tukisikia "mwimbaji aliyesoma" ilikuja baadaye. Mwaka 1837 jijini Paris, mwimbaji wa teno Gilbert Duprez aliipiga C ya juu kwa sauti ya kifua badala ya ile nyepesi ya kichwani, ukumbi ukapagawa, na kila teno akataka naye awe hivyo. Majumba yalikuwa yakipanuka na okestra zikinenepa. Koo ikabidi lifundishwe kuvuka ukuta huo wa ala. Ni ufundi wa kuheshimika, ila ulizaliwa miaka zaidi ya 200 baada ya Palestrina kuzikwa mwaka 1594.

Hapo hapo kuna mtego wa upande wa pili. Ile sauti safi iliyonyooka kama uzi, ya kwaya ya Tallis Scholars ambayo Peter Phillips aliianzisha mwaka 1973, au ya The Sixteen wa Harry Christophers, ni nzuri mno na mimi huisikiliza kila wiki. Lakini ni sauti ya Waingereza wa karne ya 20, wengi wao waliokulia kwenye kwaya za makanisa na vyuo vya kwao. Roma ya mwaka 1570 haikuwa na sababu ya kusikika hivyo. Zarlino, msomi wa muziki aliyeandika Venice mwaka 1558, anasema wazi kwamba kanisani watu huimba kwa sauti kamili na chumbani kwa sauti iliyotulia. Kwa hiyo kwaya inayonong'ona Palestrina ikidhani inatenda ukale, inatenda kitu kingine.

Ningekuwa mimi, nisingemkataza mtu mtetemo. Ukimkataza anakaza koo, na aliyekaza koo noti humshuka. Ningemwambia amsikilize jirani yake na asimfunike. Mtetemo mkubwa hupungua wenyewe mtu akianza kusikiliza, na ule mdogo unaobaki haumsumbui yeyote.

Tuje kwenye 415, namba ambayo watu huitaja kana kwamba imeandikwa kwenye mbao za Musa. A ya hezi 440 tuliyoizoea ilikubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939. Kabla yake Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859, na kabla ya hapo kila mji ulikuwa na wake. 415 ni mapatano ya wapigaji wa karne ya 20. Iko karibu na ala nyingi za Ujerumani za wakati wa Bach, na ina faida kwamba ni semitoni moja kamili chini ya 440, hivyo kibodi ya kinanda inaweza kusogezwa ufunguo mmoja na kazi ikaendelea. Kwa Bach pamoja na ala za kizamani, sawa kabisa. Hata hivyo ogani za makanisa ya Leipzig zilikuwa juu ya ala hizo kwa karibu toni nzima, ndiyo maana nakala za mpiga ogani wa Bach ziliandikwa toni moja chini ya wenzake. Venice ya wakati wa mtunzi Monteverdi, A ilikaribia 465, yaani semitoni moja juu ya hii yetu. Ufaransa ya Louis XIV ilikuwa karibu na 392, toni nzima chini. Kwa hiyo mwalimu akisema zamani ilikuwa chini, muulize: zamani ya wapi?

Na kwa Palestrina au Byrd bila ala, namba yoyote ya hezi haina kazi. Noti kwenye karatasi ilikuwa inaonyesha semitoni ziko wapi, basi. Kiongozi alitoa sauti ya kuanzia pale ambapo besi haizami na soprano haipasuki. Kama ulijifunza kwa sol-fa (d, r, m, f, s, l, t) unalielewa hili kuliko aliyejifunza kwa piano, kwa sababu sol-fa ndivyo ilivyo: mwalimu anatoa d, anasema d ni hii, mnakwenda. Watunzi wa Italia walikuwa hata na seti mbili za funguo za stafu, ya kawaida na ya juu, na wimbo ulioandikwa kwa ile ya juu, waliyoiita chiavette, mara nyingi ulishushwa wakati wa kuimba, pengine kwa umbali wa kutoka d hadi s ya chini yake. Magnificat ya Monteverdi ya mwaka 1610 imeandikwa hivyo. Kwaya nyingi ziliiimba kama ilivyo kwenye karatasi, soprano zikilia bure, hadi mwongoza kwaya Andrew Parrott alipoandika hoja yake mwaka 1984. Semitoni moja ya mwalimu wenu haitoshi hapo, na kwenye wimbo mwingine haitakiwi kabisa. Angalieni noti ya chini kabisa ya besi na ya juu kabisa ya soprano, kisha chagueni d yenu kwa hizo mbili.

Nikichepuka kidogo: ile Miserere ya Allegri, yenye soprano mmoja anayepaa hadi C ya juu watu wakasisimka mwili, mnaijua? Ilitungwa karne ya 17 kwa ajili ya Kapela ya Sistina, kanisa la Papa kule Vatikani, na Mozart aliisikia huko mwaka 1770 akiwa na miaka 14. Ile C haimo. Mendelssohn aliusikia wimbo huo mwaka 1831 ukiimbwa juu ya ulivyoandikwa, akanukuu kipande. Kipande hicho kikaja kuingizwa kimakosa kwenye kamusi ya muziki ya Grove mwaka 1880, katikati ya wimbo ulioko kwenye ufunguo mwingine. Wahariri waliofuata wakakichapa hivyo. Sehemu inayopendwa kuliko zote ni kosa la uchapaji. Mimi bado naiimbisha. Sioni dhambi, mradi usiwaambie wasikilizaji kwamba ndivyo Papa alivyosikia.

Kuhusu wanawake sitakaa sana. Ni kweli makanisa mengi yaliwafungia mlango wa kwaya, na sauti za juu zikaimbwa na watoto, na wanaume wa falseto, na kule Italia na wanaume waliohasiwa. Mmoja wao, Alessandro Moreschi wa Kapela ya Sistina, alirekodiwa mwaka 1902 na 1904, na sijasikia mwalimu yeyote akiagiza ukale wa aina hiyo. Lakini kasri ya Ferrara miaka ya 1580 ilikuwa na kundi la wanawake waliosifika Italia nzima. Watawa wa kike waliimba nyimbo za sauti nyingi kwenye nyumba zao. Na pale Ospedale della Pietà, kituo cha kulelea watoto walioachwa huko Venice, ambako mtunzi Vivaldi alianza kufundisha mwaka 1703, wanawake waliimba sauti zote, teno na besi zikiwemo. Mwalimu akitaka wepesi, aombe wepesi. Imbeni kwa sauti zenu.

Kilatini sasa. Matamshi mengi ya kanisani tunayoyasikia leo ni ya Kiroma, na yalienea duniani hasa mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Papa Pius X kuutilia mkazo muziki wa kanisa kwa waraka wake wa mwaka 1903. Kabla ya hapo kila taifa lilikisoma Kilatini kwa mdomo wake. "Caelis" ya Mwitaliano ni "chelis", ya Mjerumani ni "tselis". "Qui" ya Ujerumani ni "kvi". "Regina" ya Italia ina j, ya Ujerumani ina g kama ya "gari". Mfaransa aliitamka u kwa midomo iliyochongoka, na vokali akazipitisha puani. Hii si mapambo. Ukiimba Bach kwa "kvi" na "tselis", konsonanti zinagonga mahali alipozisikia yeye, na mapigo yanakaa sawa bila mtu kuyapiga.

Sisi wa Kiswahili tuna heri moja na balaa moja hapo. Heri ni vokali: a, e, i, o, u zetu hazipindi njiani, na kwaya nyingi za mataifa mengine hulipia walimu wapate hizo. Balaa ni mkazo. Ulimi wetu umezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunaimba "do-MI-nus" na "glo-RI-a", wakati Kilatini ni DO-mi-nus na GLO-ri-a. Kwenye muziki wa karne ya 16 kosa hili linaua, kwa sababu hakuna ngoma wala mstari wa bari wa kukuonyesha uzito uko wapi. Neno ndilo linalobeba mapigo. Someni maneno kwa sauti, bila noti, dakika tano kila mazoezi. Mkishindwa kuyasema pamoja, hamtayaimba pamoja.

Haya, tumefika kwenye chodi.

Mazoezi yajayo zimeni kinanda, mfanye hivi. Besi wote washike d, kwa vokali "o", sauti ya kawaida, bila kusukuma. Msiharakishe. Wakishatulia teno waingie na s. Mwanzoni mtasikia kama sauti mbili zinasuguana. Wasogee taratibu hadi msuguano uishe. Alto mwingie na d ya juu, hiyo ni rahisi. Soprano ndio wa mwisho, na m. Waimbe m waliyoizoea, ile ya kwenye kinanda. Sasa tegeni masikio mkiendelea kuimba: kuna kitu kinawaka na kuzima harakaharaka juu ya chodi, kama bawa la nzi ndani ya chupa. Waambieni soprano waiteremshe m yao kiasi cha unywele, wasibadili vokali, wasipunguze pumzi. Kuwaka na kuzima kutapungua kasi, kutakuwa polepole kama mtu anayepumua, kisha kutakoma. Hapo chumba kinajaa ghafla. Mara nyingi kuna noti ya juu inasikika ambayo hakuna hata mmoja wenu anayeiimba. Nimeona watu wazima wakigeuka kutafuta nani ameingia.

Sababu yake ni hesabu ndogo. d na s zikipatana kabisa, mitetemo yake ni 2 kwa 3. d na m zikipatana ni 4 kwa 5. Kinanda cha kisasa hakiwezi kukupa hizo zote, kwa hiyo kimegawa oktavu semitoni 12 zinazolingana. Tukiipa kila semitoni senti 100, m ya kinanda iko kwenye 400, lakini m inayopatana na d iko kwenye 386. Ziada ya senti 14 ndiyo yule nzi. s ya kinanda imekosea senti 2 tu, hakuna anayejali. Vinanda vya karne ya 16 vilituniwa kwa namna nyingine: Pietro Aaron alieleza mwaka 1523 jinsi ya kubana kidogo zile d–s ili m zitoke safi. Maana yake sikio la wakati ule lililelewa kwenye m tulivu, na chodi za Palestrina na Byrd ziliandikwa kwa sikio hilo. Ukiziimba kwa m ya kinanda noti zote zitakuwa sahihi, ila hutausikia wimbo wenyewe.

Kwa hiyo kila mwimbaji ajiulize kila chodi ndefu: mimi hapa ni d ya chodi hii, ni s yake, au ni m yake? Akiwa d asimame. Akiwa s akae juu vizuri. Akiwa m aingie mwisho, kwa upole, na asiwe mwenye sauti kubwa kuliko wenzake. Hili peke yake likifanyika, mtetemo utapungua bila amri ya mtu.

Kuna deni lake, na nakuambia mapema ili msije mkalaumiana. Imbeni besi hii: d, l ya chini, r, s ya chini, d, mkishikilia noti ya pamoja kila chodi inapobadilika, na kila chodi mkiipatanisha kikamilifu. Mkirudi d, si d ile mliyoondoka nayo. Imeshuka kama senti 21 na nusu. Rudieni mzunguko mara tano mmeshuka zaidi ya semitoni nzima, na hakuna aliyekosea. Mwanahisabati Giovanni Battista Benedetti alilionyesha jambo hili kwa hesabu katika barua kwa mtunzi Cipriano de Rore, zilizochapishwa mwaka 1585. Kwa hiyo kwaya ikishuka, mwalimu asikimbilie kulaumu besi. Dawa ni r: mkiiimba r juu kidogo kuliko chodi inavyodai, mnabeba kosa dogo pale njiani na mnafika nyumbani salama. (Ingawa, tusidanganyane, mara tisa katika kumi kwaya inashuka kwa uchovu na uvivu wa pumzi.)

Karatasi nayo ina lake. Waimbaji wa wakati ule hawakusoma sauti zote nne zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine. Kila mmoja alifuata sauti yake tu, bila mistari ya bari, mkono ukishuka na kupanda kuonyesha pigo. Mara ya kwanza nilipoimba kwa nakala ya hivyo nilipotea kabla ya ukurasa kuisha. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, moja mbili tatu nne, na hapakuwa na cha kuhesabia. Teno aliyekuwa pembeni yangu akanigusa kiwiko, akanong'ona: acha kuhesabu, msikilize besi, akitua na wewe ingia. Nikaingia. Tangu siku hiyo kwaya ninayoifundisha huimba angalau wimbo mmoja kwa nakala za sauti moja moja, tukiwa tumesimama duara. Wanapotea wiki mbili, ya tatu wanaanza kusikia sauti ambazo walikuwa wakiziona tu.

Kwenye nakala zenu za kisasa angalieni pia zile shapu na flati ndogo zilizochapwa juu ya noti. Iliyo mbele ya noti imo kwenye chanzo. Iliyo juu ya noti ni rai ya mhariri. Waimbaji wa zamani waliziongeza wenyewe kwa kanuni walizozijua. Sol-fa ya Guido wa Arezzo, ya karne ya 11, iliishia kwenye la, haikuwa na t, na kanuni moja maarufu ilisema noti moja tu ikizidi juu ya la, iimbwe fa, yaani karibu, semitoni. Mkiona mhariri ameweka alama ambayo masikio yenu yanaikataa, jaribuni bila hiyo kabla ya kutii.

Mwanzie wapi? Misa ya Byrd ya sauti nne. Byrd alikuwa Mkatoliki katika Uingereza ya Elizabeth I, ambako misa ilikuwa kosa la jinai, na misa zake tatu zilichapishwa kati ya 1592 na 1595 bila ukurasa wa jina. Ziliimbwa kwa siri majumbani, na watu wachache, kwenye vyumba ambavyo huenda ni vidogo kuliko hicho mnachofanyia mazoezi. Hamhitaji kujifanya kanisa kubwa. Gawanyikeni makundi manne, mtu mmoja kila sauti, kila kundi lichukue sehemu yake, wengine wakae wasikilize. Kisha imbeni wote 16 na mlinganishe. Muombeni mwalimu awape d kwa mdomo, kinanda kikiwa kimefunikwa. Agnus Dei iacheni ya mwisho, lakini jiandae nayo tangu sasa, maana inaanza na sauti mbili tu, soprano na alto, bila besi wa kuegemea, na m ya kwanza mtakayoipatanisha humo itakuwa kati yako na jirani yako.